Mtu mmoja, rekodi mbili: kinachotokea kwenye kompyuta ya karani

MFANYABIASHARA anayevusha mchele Namanga anaweza kukuta kwamba, kwenye mfumo wa wakala wake wa forodha, yeye ni watu wawili. Mmoja amelipa kila kitu. Mwingine anadaiwa. Mzigo unasubiri, na karani anasema ni mtandao.

Mara nyingi si mtandao. Kosa liko kwenye hatua ndogo ya usajili: kumtafuta mteja kwenye hifadhidata, na akikosekana kumwandika upya. Kwenye Django, programu ya kujengea tovuti iliyoanzia katika gazeti la mji wa Lawrence, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, kazi hiyo hufanywa na agizo moja liitwalo get_or_create. Hurudisha rekodi ya mteja, pamoja na jibu la ndiyo au hapana: je, rekodi hii imeundwa sasa hivi?

Agizo hilo halikisii. Kwa kawaida huchukua kila kitu lilichopewa na kutaka kinachofanana nacho kabisa. Mwandaaji wa programu akiagiza mteja atafutwe kwa jina pamoja na simu, basi Mohamed na Mohammed ni watu wawili, na namba inayoanza na sifuri si sawa na ile ile ikiandikwa kwa +255. Mpakani, ambako mtu hutembea na laini za nchi mbili, hilo ni balaa. Dawa yake ni kutafuta kwa namba ya kitambulisho peke yake. Jina na simu viwekwe kando, kwenye sehemu iitwayo defaults, vitumike tu rekodi mpya inapoandikwa.

Kuna mtego mwingine. Makarani wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, wote hukuta hakuna kitu, na wote huandika. Kinga ni hifadhidata yenyewe kukataa namba ya kitambulisho kujirudia. Wa pili akikataliwa, agizo hurudi na kuichukua rekodi ya wa kwanza. Bila kinga hiyo rekodi mbili hukaa kimya, hadi siku mteja anapotafutwa tena na mfumo unagoma kwa sababu umepata majibu mawili badala ya moja. Siku hiyo ndiyo karani husingizia mtandao.

Kwa hiyo mwenye mzigo ana swali la kumuuliza wakala kabla ya msimu kuanza: mnanitafuta kwa jina au kwa namba ya kitambulisho? Na kama rekodi mbili zimeshaonekana, asikubali moja ifutwe haraka haraka. Mifumo mingi hupangwa ili mteja akifutwa, na risiti zake zifutike. Aombe ziunganishwe kwanza, risiti zote zihamie upande mmoja, naye azihesabu kwenye skrini akiwa amesimama pale pale dirishani.