Saraka ya Watumishi na Amana Yake

Programu za kushirikiana kazini, ambazo ndani yake watumishi huandikiana, huhifadhi nyaraka na kugawana majukumu, hazimruhusu mtu kuingia mpaka zijue mambo mawili: kwamba yeye ndiye hasa anayejitaja, na kwamba amepewa idhini ya kufika anapotaka kufika. Habari hizo huwekwa katika saraka, yaani daftari la watumiaji, na anayelitunza daftari hilo amebeba amana kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Utaratibu wa saraka wa X.500, wa mwaka 1988, ulikuwa mzito mno kwa kompyuta ndogo za zama zile. Ndipo mwaka 1993 Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenziwe, wakatoa LDAP, njia nyepesi ya kuiuliza saraka kupitia mtandao, ambayo Active Directory ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2000, nayo huifahamu.

Tuitazame mojawapo ya programu hizo za kushirikiana, Confluence ya kampuni ya Atlassian, ile inayowekwa katika seva ya afisi yenyewe. Msimamizi aweza kuiunganisha na saraka zaidi ya moja, akazipanga moja juu ya nyingine. Na mpango huo una uzito wake, kwa sababu jina likiwamo katika saraka mbili, neno la siri linalokubaliwa ni la saraka iliyo juu. Basi mtumishi aliyesajiliwa zamani ndani ya programu, kisha akasajiliwa tena katika saraka kuu ya afisi, huendelea kuingia kwa neno lake la kale maadamu saraka ya ndani ndiyo iliyotangulia, na kumfungia katika saraka kuu hakumzuii. Hatari hii naiona kubwa kupita zote, kwa kuwa haionekani.

Kadhalika, mawasiliano ya LDAP yakipita mlango wa 389 bila kusimbwa, neno la siri husafiri wazi. Mlango wa 636 ndio salama. Saraka ya ndani nayo isifutwe kabisa: ibakizwe akaunti moja ya msimamizi, kwani seva ya saraka kuu ikizimika, hapana mwingine atakayeweza kuingia kurekebisha.

Nanyi mnaoajiri na kuachisha watu kazi, mpelekeeni msimamizi jina la anayeondoka siku ile ile anayoondoka, ili amfungie.