Tone la Damu au Saa 624: Hesabu ya Kisukari Kutoka Ntinda

Simama asubuhi stendi ya Ntinda, taksi za kwenda mjini zinapojaa. Kila moja hubeba abiria 14. Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2014 ulikuta kwamba mijini nchini Uganda watu wazima 2.7 katika kila 100 wana kisukari. Vijijini ni 1 katika 100. Kwa kiwango cha mijini, kila taksi tatu zinazoondoka zina mgonjwa mmoja hivi. Tena karibu nusu ya waliokutwa na kisukari hawakuwa na habari. Basi katika taksi sita kuna wagonjwa wawili, na mmoja wao anakwenda kazini hajui kama anaumwa.

Kwa nini mji unatangulia? Matooke, posho na chapati huwa sukari ndani ya damu, na insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo inayoifungulia mlango iingie kwenye seli. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili imeziua chembe zinazotengeneza insulini. Huwapata zaidi watoto na vijana, wala haitokani na kula vitamu. Aina ya pili ndiyo ya wagonjwa zaidi ya 9 katika 10: insulini ipo, lakini mwili hauitikii sawasawa. Hapo huingia urithi, umri, kitambi, na maisha ya kukaa. Safari iliyokuwa ya miguu sasa ni ya boda, na kazi ni ya kiti. Soda ya mililita 500 mara nyingi ina sukari gramu 50 au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku. Chupa moja imemaliza mgao wa kutwa.

Dalili huja polepole: kiu isiyokatika, kuamka usiku kukojoa, kukonda bila sababu, macho kufifia, kidonda kisichopona. Lakini wengi hawasikii chochote kwa miaka, ndiyo maana kipimo kinatangulia dalili. Ubavu wa kidole unachomwa, stripu inanyonya tone dogo kama punje ya mtama, na baada ya sekunde chache namba inatokea. Kabla ya kula, milimoli 7.0 kwa lita au zaidi ni ya kuthibitishwa hospitali.

Ukishajua, hesabu inakuwa ya kila mwezi. Anayemeza metformini mara mbili kwa siku anahitaji vidonge 730 kwa mwaka. Anayejipima mara mbili kwa siku anamaliza stripu 60 kwa mwezi, na boksi lina 50. Anayechoma uniti 40 za insulini kwa siku anahitaji 1,200 kwa mwezi, na chupa ya mililita 10 ina 1,000. Chupa inaisha siku ya 25. Mshahara unatoka siku ya 30. Siku hizo tano ndizo zinazowafanya watu wapunguze dozi, na sukari haingoji mshahara. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, lakini haukuwa sheria, kwa hiyo familia nyingi zinaziba pengo hilo kwa mfuko wao.

Pengo la fedha linaonekana hata kwenye ramani ya dunia. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria matumizi ya dola bilioni 966 kwa wagonjwa milioni 537, yaani dola 1,800 hivi kwa mtu. Kanda ya Afrika, yenye wagonjwa milioni 24, ilitumia bilioni 13: dola 540 hivi kwa mtu.

Gharama kubwa zaidi ni ya kuchelewa. Mguu unakufa ganzi. Mwiba unaingia, mwenye mguu hausikii, anauona jioni anapovua soksi yenye damu. Kidonda kikioza, mguu hukatwa. Macho, moyo na ubongo navyo huumia. Figo zikishindwa, mgonjwa huhitaji mashine ya kusafisha damu, kama zilizopo hospitali ya Kiruddu, upande wa pili wa jiji. Mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, ni saa 624 kwa mwaka: siku 26 usiku na mchana amefungwa kwenye mirija, bila kuhesabu foleni ya barabarani.

Upande wa kinga, hesabu ni ndogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 uliwalenga watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda: wapunguze asilimia 7 ya uzito na wafanye mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Kutoka stendi ya Ntinda kwa miguu hadi Nakawa, ni nusu saa na ushee.

Kesho, kabla ya chai, pima. Ndugu yako akikataa, nenda naye.