Sharbati ya Matunda na Nanaa kwa Siku za Kaskazi

Pepo za kaskazi zikishatua katika pwani yetu, na jua la Desemba hata Machi likawa halina huruma kwa mkubwa wala mdogo, ndipo mialiko nayo inapokithiri. Watoto wamo likizoni, jamaa wa mbali wamerejea nyumbani, huku ni harusi na kule ni hitima. Na mwenye nyumba aliyealika watu, jambo la mwanzo linalomshughulisha ni hili: wageni watakunywa nini?

Siku hizi jawabu limekuwa moja. Hununuliwa makasha ya soda, na asiye na fedha hukopa, kwani aona haya wageni waseme kwa fulani hatukukuta kitu. Ilhali sokoni mananasi yamelundikana, machungwa yapo, ndimu zapatikana, na nanaa huenda imeota katika kopo nyuma ya jiko lake mwenyewe. Sisemi kuwa soda ni haramu. Mtu asinitilie maneno kinywani. Nasema kuwa kinywaji kilicho bora kuliko hicho, na rahisi kwa bei, twaweza kukitengeneza kwa mikono yetu, maadamu tujue mambo mawili yanayokiharibu. Nayo ni maji machafu na kukawia.

Kwanza niseme neno juu ya jina. Vijana wetu wakienda katika maduka ya maji ya matunda huagiza “kokteli”, na wazee wakilisikia hushtuka, kwa kuwa asili yake katika Kiingereza ni mchanganyiko wa vileo. Lakini jina hilo limehama. Hata Cairo, Beirut na Maskati, katika maduka ambayo kileo hakiingii kabisa, kokteli ni matunda yaliyochanganywa, na basi. Hapana haja ya kugombana na watoto kwa neno. Mimi lakini napenda zaidi jina letu la sharbati. Limetokana na Kiarabu, katika neno la kunywa, na Wazungu nao walilichukua kutoka Mashariki wakalitia katika lugha zao.

Basi tuanze na maji, maana hapo ndipo penye hatari.

Mwaka 1854, mtaa mmoja wa London uitwao Soho ulipatwa na kipindupindu, na watu mamia wakafa kwa siku chache. Daktari John Snow alichunguza nyumba kwa nyumba, akaona kuwa waliokufa wengi walikunywa maji ya bomba moja lililokuwa katika barabara ya Broad Street. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1855 ameeleza jambo ambalo kila mwenye kualika watu yampasa alijue. Maji ya bomba lile yalikuwa yakiuzwa katika vibanda vidogo, yametiwa kijiko cha unga wa kutoa povu, kwa jina la sharbati. Wanunuzi waliona povu na utamu, wala hawakufikiri juu ya maji. Ugonjwa huo huo uliipiga Unguja mwaka 1869 na 1870, na Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu huko, akauandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1876. Wala tusidhani kuwa hayo ni mambo ya kale. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kisha kikavuka bahari kikaingia Unguja.

Kwa hiyo maji ya sharbati lazima yachemshwe. Yaachwe yatokote kwa kububujika sana muda wa dakika moja, kisha yafunikwe na yapoe humo humo katika chombo chake, wala yasihamishwe katika ndoo iliyokuwa ikitekea kisimani. Kazi hii ifanywe usiku wa kuamkia siku ya shughuli. Na barafu ni maji pia. Wengi huchemsha maji kwa uangalifu, halafu wakatumbukiza ndani yake pande la barafu lililonunuliwa njiani, limefungwa gunia, halijulikani limegandishwa kwa maji gani. Ubaridi hauui vijidudu vya maradhi; huvilaza tu, navyo huamka barafu inapoyeyuka. Mwenye friji na agandishe barafu yake kwa maji aliyoyachemsha. Asiye nayo na autumie mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo wa mtungi, yakakauka kwa upepo upande wa nje, na yanapokauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Wazee wetu waliuweka mtungi penye kivuli na upepo, wakaufukiza ubani, na maji yake yalikuwa na ladha ambayo friji haiwezi kuitoa.

Ama vitu vinavyohitajiwa kwa watu 20 au 25, ni hivi: mananasi makubwa 2 yaliyoiva sawasawa, machungwa 12, ndimu 10, nanaa mashada 2 ya kujaa mkono, tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba, sukari robo kilo, na maji yaliyochemshwa lita 3. Vitatoka vinywaji 25 hivi vya mililita 200 kila kimoja, na barafu ikiongezwa vitazidi.

Sukari ni robo kilo, wala si kilo nzima, na najua wako watakaoguna. Hesabu yake ni kuwa kila mtu ataongezewa gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai na nusu. Soda ya mililita 330 ya kawaida yafikia gramu 35. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa ni bora sukari ya namna hii kwa mtu mzima isizidi kiasi cha gramu 25 kwa siku. Katika hesabu hiyo iliingizwa sukari ya kutiwa, na ya asali, na ile iliyomo katika maji ya matunda yaliyokamuliwa. Maneno hayo ya mwisho yasisahauliwe. Mtu asijidanganye kuwa kwa kuwa ni matunda, basi anywe jagi zima. Na katika kila mwaliko wa leo hapakosi mgeni mwenye kisukari. Huyo awekewe jagi lake mbali, la maji baridi yenye ndimu na nanaa peke yake, aletewe bila ya kutangazwa mbele ya watu.

Namna ya kutengeneza ni hii. Mananasi na machungwa yaoshwe kabla ya kumenywa, kwa maana kisu kikipita katika ganda chafu huchukua uchafu hata ndani. Sukari itiwe katika nusu lita ya yale maji, pamoja na tangawizi iliyopondwa, ichemshwe mpaka iyeyuke. Ikishaepuliwa, litumbukizwe shada moja la nanaa, chombo kifunikwe muda wa robo saa, kisha ichujwe. Nanaa isichemshwe motoni, kwani rangi yake hugeuka na harufu yake ikatoka pamoja na mvuke. Jirani akanusa yeye, mgeni asipate kitu.

Nanasi likatwe vipande, lisagwe kwa mashine au litwangwe katika kinu kisafi. Nasema kisafi, yaani si kile kilichotwanga kitunguu thomu asubuhi yake! Kisha likamuliwe katika kitambaa cha melimeli kilichofuliwa na kuchemshwa. Machungwa yakamuliwe kwa mkono, na kokwa zote zitolewe. Kokwa na ule utando mweupe wa ganda ndivyo vitiavyo uchungu. Wako vijana wanaotupa ndimu nzima katika mashine ili wapunguze kazi, halafu huongeza sukari kuufukuza uchungu walioutia wao wenyewe. Kazi hii ya kukamua naiona yafaa sana kwa wavulana. Tumezoea kuwaacha wakae barazani wakingoja kuletewa, na dada zao wako jikoni tangu alfajiri.

Ndimu hukamuliwa mwisho, karibu na wakati wa kunywa. Hapo yote huchanganywa pamoja na maji yaliyobaki, na lile shada la pili la nanaa hupigwa kwa viganja viwili mara mbili tatu, likatiwa zima zima. Kupiga huko hufungua mafuta yaliyomo katika majani. Ukilisaga, sharbati itakuwa chungu na ya rangi ya majani makavu. Mafuta hayo ndiyo yanayompa mnywaji hisia ya baridi, hata kama kinywaji chenyewe hakina barafu nyingi.

Yapo mambo mawili ya kujihadhari. Mtu asitie maziwa katika nanasi bichi akidhani anazidisha uzuri. Nanasi lina kitu kinachovunja maziwa, yakaganda na kuwa machungu. Wala sharbati isiwekwe katika sufuria ya shaba iliyochakaa bati yake, kwa kuwa ukali wa ndimu hula shaba, na shaba ikaingia tumboni. Gudulia la kioo au bakuli la kaure lafaa zaidi.

Sasa nije katika lile jambo la pili, nalo ni kukawia. Juu ya maganda ya matunda hukaa vijidudu vidogo vya jamii ya hamira, visivyoonekana kwa macho. Maji ya matunda yakiachwa katika joto, vijidudu hivyo hula sukari, vikatoa hewa na kileo. Nanasi ndilo jepesi kuliko yote kugeuka. Niliwahi kuhudhuria hitima katika nyumba moja, ikaletwa sharbati iliyotengenezwa jana yake mchana, haikupata friji. Ndoo ilipofunuliwa ilikuwa na povu, na harufu yake imewaka puani. Mwenye nyumba alidhani ni ukali wa nanasi tu, akataka kuongeza sukari. Ustadhi aliyekaa karibu yangu alimwita faraghani akamweleza, na ndoo nzima ikamwagwa. Alhamdulillahi haikuwa imeonjwa na watoto wa madrasa, waliokuwa wamepangwa safu wanangoja.

Jambo hili halikuachwa katika mafundisho yetu. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akilowekewa zabibu katika maji, akinywa siku ile, na ya pili, na ya tatu hata jioni, na baada ya hapo hakunywa tena. Na imepokewa pia kuwa alikataza kuloweka tende na zabibu pamoja. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alieleza sababu yake: mchanganyiko hugeuka upesi kuwa kilevi kabla ladha haijabadilika, na mnywaji akadhani kuwa bado ni halali, na kumbe sivyo. Wanavyuoni walio wengi, kwa maelezo yake, wameona kuwa katazo hilo ni la karaha maadamu kinywaji hakijalevya. Nalo lahusu kuloweka na kuacha. Sharbati yetu hukamuliwa na kunywewa saa ile ile, basi haimo humo, lakini ikilazwa itakuwa imeifuata njia hiyo hiyo. Wala mtu asiishike ile hesabu ya siku tatu akaitumia katika nanasi la pwani mwezi wa Februari. Bila ya friji hata usiku mmoja ni mwingi.

Kanuni yangu basi ni kuwa maji ya sukari na tangawizi yaweza kutengenezwa jana yake yakawekwa katika friji. Machungwa na nanasi yakamuliwe saa mbili kabla ya wageni. Ndimu na nanaa wakiwa mlangoni. Chombo kifunikwe wakati wote. Tumeamrishwa kufunika vyombo usiku, na mchana wenye nzi si haba kwa haja hiyo. Kinachobaki jioni kigawiwe majirani papo hapo, na povu likionekana kimwagwe.

Katika kugawa, kijana anayebeba sinia na aanzie kulia. Siku moja Mtume (S.A.W.) aliletewa maziwa yaliyotiwa maji, kushotoni kwake yuko Abubakar na kuliani kwake bedui, alipokwisha kunywa akampa bedui. Basi kijana asirukeruke safu akitafuta wakubwa na matajiri. Na yeye mwenye kugawa hunywa mwisho. Mama wa nyumba amuwekee gilasi yake mapema pembeni, maana mara nyingi jagi hurudi tupu.

Vikonyo vya nanaa vilivyobaki visitupwe. Viondolewe majani ya chini, visimamishwe katika gilasi ya maji dirishani pasipo jua kali, na maji yabadilishwe kila siku. Baada ya wiki moja au mbili vitatoa mizizi myeupe. Vipandwe katika kopo lenye tundu chini, peke yake, kwa kuwa nanaa hutambaa ikaisonga mimea mingine. Na kaskazi ya pili ikija, mwenye nyumba atachuma ya kwake.