Mguso wa pili wa kipofu wa Bethsaida



Katika Injili ya Marko sura ya 8 yumo kipofu wa Bethsaida ambaye wahubiri wengi humpita haraka. Yesu alimtoa nje ya kijiji, akamwekea mikono, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Jibu lake lilikuwa la mtu anayeona nusu; watu aliwaona kama miti. Yesu akamwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona sawasawa. Hakumkemea kwa uhaba wa imani.

Huwa namkumbuka nikisikia wapendwa wakinong'ona juu ya ndugu anayerudishwa chumba cha upasuaji wa macho: "Si aliombewa? Si alishapasuliwa? Mbona tena?"

Wengi wa hao wana mafuta ya silikoni ndani ya jicho. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea picha. Ikibanduka, kwa kupigwa au kwa kisukari cha muda mrefu, daktari huirudisha mahali pake na kulijaza jicho mafuta hayo ili yaishikilie. Paul Cibis na wenzake huko Marekani waliieleza njia hii mwaka 1962. Mafuta ni kama banzi kwenye mfupa uliovunjika: yana kazi yake, na kazi ikiisha hutolewa, mara nyingi baada ya miezi 3 hadi 6. Yakisahaulika humeguka vitone vidogo, presha ya jicho yaweza kupanda, na hata kioo cha mbele kuharibika. Yako macho machache ambayo daktari huamua yabaki nayo, lakini huo ni uamuzi wa daktari, si wa mgonjwa aliyechoka safari.

Sasa, lenzi ya asili ikikaa na mafuta hayo, mara nyingi huingia ukungu wa mtoto wa jicho. Mgonjwa aliyeanza kuona huona giza linarudi, akadhani kila kitu kimeharibika. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kubaki nyumbani, wakati ambapo jicho lingeweza kusaidiwa.

Madaktari wengi hufanya kazi hizo mbili siku moja: huondoa lenzi yenye ukungu, huweka ya bandia, na hutoa mafuta. Ganzi ni moja, nauli ni moja, na kwa anayetoka wilayani hilo si jambo dogo. Tena, ukungu ukiondoka daktari huiona retina vizuri anapotoa mafuta. Ugumu upo katika kupima lenzi mpya. Sauti husafiri polepole ndani ya silikoni, hivyo kipimo cha mawimbi ya sauti kisiporekebishwa huonyesha jicho refu kuliko lilivyo, na mgonjwa huwekewa lenzi isiyomfaa. Kipimo cha mwanga husaidia zaidi, ingawa ukungu ukiwa mzito nacho hushindwa. Kwa hiyo ukiambiwa urudi kupimwa, usinung'unike.

Hata hivyo, si kila jicho linafaa kufanyiwa yote kwa pamoja, na retina yaweza kubanduka tena mafuta yakishatoka. Muulize daktari wako wazi: retina yangu imetulia? Nitarajie kuona kiasi gani? Anaweza kukujibu kwamba ni kuona njia tu, si kusoma Biblia.

Wazee wa kanisa, mwombeeni mgonjwa na kumpaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza. Lakini mafuta ya upako hayatoi silikoni. Mkimaliza kuomba, ulizeni kadi ya kliniki iko wapi, tarehe ya kurudi ni lini, na nani atamsindikiza. Na baada ya upasuaji, akiona ghafla mimweko kama ya radi, madoa meusi mengi, au kivuli kama pazia linaloshuka, msingoje ibada ya Jumapili. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.