Kompyuta ya Gemu kwa Fedha Kidogo

Ndugu mtahiniwa, mtihani wako ukimalizika mwezi Novemba utabaki na miezi kadhaa ya kusubiri matokeo. Wapo wanaoitumia miezi hiyo kufanya vibarua na kuweka akiba, na wapo ambao akiba hiyo wanaitaka kwa jambo moja tu: kompyuta yenye uwezo wa kuchezesha gemu. Kama nawe umo katika kundi hilo, makala haya yanakuhusu. Mengi utakayokutana nayo humu umeshayasoma katika Fizikia, yaani nguvu ya umeme, usafirishaji wa joto na chaji tuli. Tofauti ni kwamba hapa ukikosea hesabu hupotezi alama mbili. Unapoteza akiba ya miezi mitatu, na pengine unachoma waya ndani ya nyumba ya wazazi wako.

Picha inavyofika kwenye skrini

Unapocheza gemu, kile unachokiona kikitembea ni mfululizo wa picha tuli zinazopishana haraka. Kila picha huitwa fremu. Gemu ikienda kwa fremu 60 kwa sekunde, macho huiona laini na mkono hauhisi kuchelewa. Muda wa kuandaa fremu moja ni 1 ÷ 60, yaani takribani sekunde 0.017. Ndani ya muda huo mdogo kuna wafanyakazi wawili. Wa kwanza ni prosesa, ambayo hukokotoa nani yuko wapi, mpira unaelekea upande gani, risasi imempata nani. Wa pili ni kadi ya michoro, ambayo hupokea hesabu hizo na kupaka rangi kila nukta ya skrini. Nukta hizo huitwa pikseli. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na zote hupakwa rangi upya mara 60 kila sekunde.

Sasa fikiria wapishi wawili wa chapati. Mmoja anasukuma, mwingine anakaanga. Msukumaji ana uwezo wa chapati 40 kwa saa, mkaangaji 60. Kwa saa moja mtapata chapati ngapi? Ni 40, na mkaangaji atakaa akiangalia kikaango kitupu. Ukimnunulia kikaango kikubwa zaidi, chapati zitabaki 40. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta: prosesa ikiweza kuandaa fremu 45 na kadi ikiweza kuchora 100, utapata 45. Mtu aliyemaliza fedha zote kwenye kadi kubwa na kuichomeka kwenye mashine yenye prosesa dhaifu amenunua kikaango.

Kuna jambo jingine la kuzingatia katika hesabu ya pikseli. Ukiishusha gemu hadi pikseli 1280 kwa 720, jumla inakuwa 921,600, sawa na 4/9 ya ile ya kwanza. Kazi ya kadi inapungua kwa zaidi ya nusu na hujatoa hata senti. Lakini kazi ya prosesa haipungui, kwa sababu wachezaji uwanjani ni walewale. Kwa hiyo, ikiwa umeshusha ukubwa wa picha na gemu bado inakwamakwama, yaelekea tatizo haliko kwenye kadi.

Mashine iliyotoka ofisini

Kununua kila kipande kikiwa kipya na kukiunganisha mwenyewe kunapendeza, ila kwa mfuko mdogo njia nafuu zaidi ni kuanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika, kisha kuiongezea kadi ya michoro. Mashine hizi zimekuwa nyingi sokoni kwa sababu inayoeleweka. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa sehemu kubwa, inadai prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele. Makampuni mengi duniani yakalazimika kubadilisha kompyuta ambazo bado zilikuwa nzima. Utazikuta Kariakoo, na Nairobi utazikuta Luthuli Avenue: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre na nyinginezo.

Chukua mfano wa mashine yenye prosesa ya Core i5-6500, iliyotoka mwaka 2015. Ina viini vinne na imepangiwa wati 65. Si prosesa ya kujivunia leo, lakini kwa gemu kama Dota 2 na nyingi za mpira inatosha. Ukiinunua, umepata kwa mkupuo mmoja prosesa, ubao mama, keisi na kifaa cha kugawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai.

Chagua yenye umbo la mnara. Zile nyembamba hupokea kadi fupi za nusu kimo tu, ambazo ni chache na bei yake huwa juu. Zile ndogo kabisa, zenye ukubwa wa kitabu, kwa kawaida hazina hata nafasi ya kuchomeka kadi. Muuzaji atakuambia zote ni sawa kwa kuwa prosesa ni ileile. Kwa kazi za ofisi, kweli ni sawa.

Kuhusu Windows, jiulize mapema utaweka nini ndani ya mashine ambayo Windows 11 haiitambui rasmi. Mfumo wa Linux ni wa bure na Dota 2 inafanya kazi humo moja kwa moja. Baadhi ya gemu za mashindano, Valorant ikiwemo, hazikubali Linux hata kidogo. Basi anza na orodha ya gemu unazotaka kucheza, kisha ndipo uende dukani.

Hesabu ya umeme

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya, kwa hiyo shika kalamu.

Minara mingi ya ofisi ina pawa saplai ya wati 240 hivi. Kwa umbo na plagi zake, mara nyingi ni ya kampuni husika peke yake, huwezi kuitoa na kuweka yoyote. Prosesa ni wati 65. Ubao mama, RAM, diski na feni tuvikadirie wati 40. Jumla ni 105, na zinabaki wati 135. Mwanafunzi mwenye haraka atasema: basi nitanunua kadi ya wati 120.

Asubiri. Swali si pawa saplai ina wati ngapi tu, bali wati hizo zitapita wapi. Nafasi ambayo kadi huchomekwa kwenye ubao mama hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huwa na tundu pembeni la kupokea waya mwingine kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai nyingi za ofisi hazina waya huo. Mitaani utauziwa kiunganishi cha bei ya soda, kinachochukua umeme wa plagi ya diski ya SATA na kuupeleka kwenye kadi. Tumia kanuni unayoijua, P = VI. Tundu la pini sita la kadi limepangiwa kupokea wati 75 kwa volti 12:

I = 75 ÷ 12 = ampea 6.25

Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila pini imepangiwa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54 tu. Kumbuka pia kwamba joto linalozalishwa kwenye ukinzani hufuata kipeo cha pili cha mkondo: I²R. Gawanya 6.25 kwa 4.5, unapata takribani 1.39, kipeo chake cha pili ni 1.93. Plagi hiyo itazalisha karibu mara mbili ya joto iliyopangiwa, na ni ya plastiki. Wapo waliokitumia kiunganishi hicho kwa muda mrefu bila tatizo, na watakuambia hivyo. Wewe umeiona hesabu.

Kwa mashine ya aina hii, basi, tafuta kadi isiyozidi wati 75, inayokula umeme wa ubao mama peke yake. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zimo katika kundi hilo, zote zikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Igeuze kadi uitazame, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji waliiwekea GTX 1650 tundu la ziada, hiyo iache. Jumla yako mpya ni 65 + 40 + 75 = wati 180, sawa na asilimia 75 ya 240. Akiba ya robo inatosha.

Ukiamua kujenga kwenye keisi yako mwenyewe na kununua pawa saplai mpya, usisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma mstari wa volti 12 kwenye lebo. Iliyoandikwa wati 500 lakini mstari wake wa volti 12 una ampea 18, hutoa 12 × 18 = wati 216 kwenye mstari huo, na huo ndio unaolisha prosesa na kadi. Hapo mwenye duka amekuuzia namba.

Kuna na hesabu ya LUKU. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 ikitoa wati 180 huvuta ukutani 180 ÷ 0.9 = wati 200. Ukicheza saa tatu kwa siku, kwa siku 30, ni 0.2 × 3 × 30 = uniti 18, bila skrini. Kwa familia ya Tanzania iliyo kwenye kiwango cha matumizi madogo, ambacho ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, hizo ni karibu robo ya ukomo mzima. Zungumza na mzazi kabla ya kununua, si baada ya yeye kuona uniti zimekwisha tarehe 20.

RAM, diski na joto

RAM weka gigabaiti 16, na ziwe vipande viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16. Kipande kimoja cha DDR4 chenye kasi ya 3200 hupitisha data gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi sambamba hupitisha 51.2. Mashine za zamani huiendesha RAM kwa kasi ndogo kuliko hiyo, lakini uwiano ni uleule. Jambo hili lina uzito zaidi kwa anayetumia prosesa yenye michoro ndani yake, kama Ryzen 5 5600G, ambayo haihitaji kadi kabisa na huazima RAM ya kawaida kwa kuchorea.

Diski ya SSD haiongezi fremu. Inachofanya ni kupunguza kungoja: data ya gigabaiti 6 kwa kasi ya megabaiti 500 kwa sekunde huchukua sekunde 12, na kwa diski ya zamani ya megabaiti 150 huchukua 40.

Mashine iliyokaa ofisini miaka minane huwa na vumbi, na krimu iliyo kati ya prosesa na chuma chake cha kupooza huwa imekauka. Joto hutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma kwa mpitisho, na kutoka kwenye chuma hubebwa na hewa kwa msafara. Nyuso mbili za chuma hata ziwe laini namna gani huacha nafasi ndogondogo za hewa, na hewa ni kipitishi hafifu cha joto. Kazi ya krimu ni kuziba nafasi hizo. Futa ya zamani, weka mpya kiasi cha punje ya njegere. Usipofanya hivyo, prosesa ikikaribia nyuzi 100 itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, nawe utadhani kadi ni mbovu.

Kabla ya kushika chochote ndani, chomoa waya wa ukutani na uguse sehemu ya keisi isiyopakwa rangi ili chaji tuli ya mwilini iondoke. Pawa saplai usiifungue kamwe. Kapasita zake huweza kubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomoa.

Siku ya kununua

Nenda mchana na mwombe muuzaji awashe mashine mbele yako. Kadi ndiyo inayoghushiwa zaidi: zipo za zamani sana zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la GTX 1050 Ti. Beba kwenye flashi programu ya bure iitwayo GPU-Z. Ikiitambua kadi ya namna hiyo huandika neno FAKE mwanzoni mwa jina. Kisha fungua gemu na uiache iende dakika 20. Muuzaji akikuambia hana muda wa dakika 20, mashukuru uende duka la pili. Skrini si lazima ununue sasa. Runinga ya nyumbani yenye tundu la HDMI inafaa, ukiweza kuelewana na watazamaji wa taarifa ya habari.

Jaribu swali hili. Asha ameuziwa mashine nyembamba ya ofisi yenye pawa saplai ya wati 180. Prosesa yake ni ya wati 65, vifaa vingine vya ndani ni wati 40, na amepata kadi ya nusu kimo ya wati 75.

(a) Tafuta jumla ya wati, kisha ueleze kama ungemshauri aichomeke kadi hiyo.
(b) Kadi hiyo ingepokea umeme wake wote kwa volti 12, mkondo ungekuwa ampea ngapi?
(c) Badala ya kuongeza kadi, Asha anashusha gemu kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, na fremu zinabaki 24 kwa sekunde bila kubadilika. Ni kifaa kipi kinachomchelewesha? Toa sababu.