Mshambuliaji bora wa Leopards ni nani? Butembo na Beni, mabishano hayaishi

Wakaaji wa Butembo na Beni, jimboni Kivu Kaskazini, wanaweza kupatana juu ya mambo mengi, lakini si juu ya swali hili: kati ya washambuliaji wote waliovaa jezi ya Leopards, nani anawapita wengine? Majina matatu ndiyo yanarudi sana: Ndaye Mulamba, Trésor Mputu na Dieumerci Mbokani.

Wazee wanaanzia 1974. Mwaka ule, kule Misri, Ndaye alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika moja tu. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne yalikuwa yake. Hadi leo hakuna aliyefikia 9 katika kombe moja.

Vijana wanajibu kwamba hawakumuona Ndaye, walimuona Mputu. Mwaka 2009 alibeba CHAN na Leopards, akabeba Ligi ya Mabingwa na TP Mazembe. Wapinzani wake wanakumbusha 2010: FIFA ilimfungia mwaka mzima juu ya fujo na mwamuzi kule Kigali, na Mazembe ikacheza fainali ya dunia dhidi ya Inter Milan bila yeye.

Wa Mbokani wanataja Kiatu cha Dhahabu cha Ubelgiji 2012, akiwa Anderlecht. Wanataja pia 2015: Leopards walikuwa nyuma 2-0 mbele ya Congo-Brazzaville, wakashinda 4-2. Mbokani alifunga mawili.

Kila upande una kipimo chake. Ukipima kwa kombe la taifa, Ndaye yuko mbele. Ukipima kwa klabu za Afrika, ni Mputu. Ukipima kwa Ulaya, ni Mbokani.

Lakini maisha ya Ndaye yanaonyesha kwamba sifa peke yake haitoshi. Mwaka 1994 alipigwa risasi mguuni, kisha akakimbilia Afrika Kusini. Kwenye Kombe la Afrika la 1998, watu walinyamaza dakika moja kumwombolezea, kumbe alikuwa mzima. Alifariki mwaka 2019.

Ikiwa bingwa wa Afrika anaweza kusahauliwa hivyo, je, wachezaji wa kwetu? Mabao mengi ya Nyuki kwenye uwanja wa Matokeo, mjini Butembo, yanaishi tu katika vichwa vya walioyaona. Na katika eneo la Beni, ambako mauaji tangu 2014 yamefukuza familia nyingi, anayekimbia anaondoka na kumbukumbu zake.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana nani alikuwa bora kwetu, klabu zianze na jambo rahisi: daftari moja, tarehe ya mechi, matokeo, na jina la aliyefunga. Bila hayo, watoto wetu watakosa hata cha kubishania.