Njaa ya Mama, Akili ya Mwana: Mafunzo ya Kipupwe cha Njaa Nchini Uholanzi, 1944–1945

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii, sawa na ile isemayo kuwa udongo uwahi ungali maji, huhimiza mzazi amshughulikie mtoto mapema. Kwa kawaida wanaozitumia huhesabu mapema hiyo kuanzia siku ya kuzaliwa. Hata hivyo, utafiti wa kitiba uliofanywa katika kipindi cha zaidi ya nusu karne umebainisha kwamba udongo huo huanza kufinyangwa kabla mtoto hajaonana na mlezi wake. Chakula anachokula mama mjamzito, au anachokikosa, kinaweza kuathiri umbo la mwili wa mwanawe, uwezekano wake wa kupata maradhi ya moyo uzeeni, na hata afya ya akili yake.

Makala hii inachunguza ushahidi uliotokana na tukio moja la kihistoria, yaani njaa iliyoikumba sehemu ya magharibi ya Uholanzi mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kwanza, usuli wa njaa hiyo utaelezwa. Pili, matokeo makuu ya utafiti yatajadiliwa, pamoja na namna wataalamu wanavyoeleza njia ambazo njaa hupitia kuacha alama mwilini. Mwisho, mipaka ya ushahidi huo itaonyeshwa, na umuhimu wake kwa jamii ya Kenya kudokezwa.

Usuli wa Njaa

Mnamo Septemba 1944, majeshi ya Muungano yalijaribu kuteka madaraja ya mito nchini Uholanzi ili yapate njia ya kuingia Ujerumani. Serikali ya Uholanzi, iliyokuwa uhamishoni London, iliwataka wafanyakazi wa reli wagome ili kutatiza usafiri wa Wajerumani. Mgomo ulifanyika, lakini jaribio la kijeshi lilishindwa katika mji wa Arnhem. Wajerumani walilipiza kisasi kwa kupiga marufuku usafirishaji wa chakula kuelekea magharibi mwa nchi, kuliko na miji mikubwa kama vile Amsterdam, Rotterdam na The Hague. Marufuku hiyo ililegezwa mwezi wa Novemba ili vyakula vipitishwe majini, lakini muda si muda baridi kali iliyagandisha maji ya mifereji na mashua zikakwama.

Kufikia mwisho wa Novemba, mgao rasmi wa chakula ulikuwa chini ya kilokalori 1,000 kwa mtu kwa siku. Kati ya Desemba 1944 na Aprili 1945, mgao huo ulikuwa baina ya kilokalori 400 na 800. Watu walikula viazisukari vya kulishia mifugo na hata vitunguu vya maua ya tulipu. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 20,000 walifariki. Uholanzi ilipokombolewa mwanzoni mwa Mei 1945, chakula kiliingia kwa wingi na katika muda wa majuma machache mgao ukarejea katika kiwango cha kuridhisha. Waholanzi wenyewe huyaita majira hayo Kipupwe cha Njaa.

Kwa Nini Njaa Hii Ikawa Chemchemi ya Utafiti

Njaa si jambo geni katika historia ya binadamu. Lakini njaa nyingi huja polepole, hudumu miaka, na huwakumba watu ambao tayari walikuwa wakiishi katika ufukara. Katika hali kama hiyo ni vigumu kutenganisha athari za njaa na athari za umaskini, maradhi au kukosa elimu. Njaa ya Uholanzi ilikuwa tofauti kwa sababu tatu. Mosi, mwanzo na mwisho wake unajulikana karibu kwa siku. Pili, iliwapata watu waliokuwa wakila vizuri kabla yake na waliokula vizuri baada yake. Tatu, wakunga na hospitali waliendelea kuandika rekodi za uzazi, na serikali ilikuwa na daftari kamili za wakazi. Kwa hivyo, kwa kila mtoto mtafiti aliweza kujua kama njaa ilimkuta katika miezi ya mwanzo ya mimba, ya katikati au ya mwisho. Zaidi ya hayo, watoto waliozaliwa katika sehemu za nchi ambazo hazikukumbwa na njaa walipatikana kama kundi la kulinganishia.

Hakuna mtafiti anayeweza kuwanyima chakula wajawazito kwa makusudi ili aone yatakayowapata watoto wao. Unyama wa vita ulifanya jambo ambalo maadili ya sayansi yanalikataza, nao wasomi wa baadaye wakajitahidi kuokota funzo katika majivu hayo.

Matokeo: Kutoka Mwilini Hadi Akilini

Watafiti waliotangulia katika kazi hii ni Zena Stein na Mervyn Susser, mume na mke waliozaliwa Afrika Kusini, pamoja na wenzao nchini Marekani. Walitumia rekodi za vijana wa kiume waliopimwa afya na akili walipoitwa jeshini wakiwa na umri wa miaka 18 au 19. Wengi walitarajia kwamba watoto waliokumbwa na njaa tumboni wangekuwa na akili pungufu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalikuwa kinyume: baada ya kuwachunguza vijana zaidi ya 100,000, haikuonekana tofauti ya uwezo wa akili baina ya waliokumbwa na njaa na wasiokumbwa. Hilo ni jambo la kutiliwa maanani, kwani linaonyesha kuwa tumbo la uzazi lina kinga yake na kwamba si kila dhiki ya mama humdhuru mwana kwa namna inayodhaniwa.

Hata hivyo, mambo mengine yalijitokeza. Watoto ambao mama zao walikumbwa na njaa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba walizaliwa wakiwa na uzani pungufu kwa takriban gramu 300. Wale waliokumbwa nayo mwanzoni tu mwa mimba walizaliwa wakiwa na uzani wa kawaida. Mtu angedhani kuwa hawa wa pili walinusurika. Kumbe sivyo. Mwaka 1976 ilichapishwa ripoti kuwa vijana ambao njaa iliwakuta katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wanene kupita kiasi. Baadaye, uchunguzi wa watu waliozaliwa katika hospitali moja ya Amsterdam ulionyesha kuwa waliokumbwa na njaa tumboni hawakuweza kuidhibiti sukari mwilini ipasavyo walipofika umri wa miaka 50 hivi, na kwamba waliokumbwa nayo mapema katika mimba walipatwa zaidi na maradhi ya moyo.

Kuhusu afya ya akili, tokeo zito zaidi lilichapishwa mwaka 1992 na kuendelezwa mwaka 1996 na Ezra Susser, mwana wa Stein na Susser, pamoja na wenzake. Walichunguza sajili ya wagonjwa wa akili nchini Uholanzi na kubaini kuwa watu waliotungwa mimba njaa ilipokuwa imepamba moto walikuwa na uwezekano mara mbili hivi wa kuugua skizofrenia wakiwa watu wazima. Skizofrenia ni ugonjwa ambao mgonjwa husikia sauti zisizosikiwa na wengine, hushikilia imani zisizolingana na uhalisi, na fikra zake huvurugika. Kwa kawaida hujitokeza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima. Kwa maneno mengine, mbegu iliyopandwa katika majuma ya kwanza ya mimba ilichipuka miaka 20 au zaidi baadaye.

Je, tokeo hilo lilitokana na sadfa tu? Jibu lilitafutwa nchini China, ambako njaa kubwa ya 1959 hadi 1961 iliua mamilioni ya watu. Utafiti uliofanywa katika eneo la Wuhu, mkoani Anhui, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa uwezekano wa kuugua skizofrenia ulikuwa asilimia 0.84 kwa waliozaliwa mwaka 1959, ukapanda hadi asilimia 2.15 kwa waliozaliwa mwaka 1960. Nchi mbili zilizo mbali, zenye watu na vyakula tofauti, zilitoa jibu linalokaribiana.

Jinsi Njaa Inavyoacha Alama

Swali linalofuata ni hili: ukosefu wa chakula wa miezi michache unawezaje kukumbukwa na mwili kwa miongo kadhaa? Wataalamu wametoa maelezo kadhaa yanayokamilishana.

Maelezo ya kwanza yanahusu virutubishi mahususi. Ubongo na uti wa mgongo hutokana na utando mwembamba ambao hujikunja na kufunga kama mrija. Mrija huo hufunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Foleti, kirutubishi kipatikanacho katika mboga za majani na jamii ya kunde, huhitajika sana katika kazi hii. Miongoni mwa watoto waliotungwa mimba wakati wa njaa ya Uholanzi, kasoro za ubongo na uti wa mgongo ziliongezeka. Mwaka 1991, jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Uingereza lilithibitisha kuwa vidonge vya foleti vilivyomezwa kabla ya mimba vilipunguza kurudi kwa kasoro hizo kwa asilimia 72 miongoni mwa wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro.

Maelezo ya pili ni ya epijenetiki. Chembechembe zote za mwili hubeba jeni zilezile, lakini si jeni zote zinazofanya kazi kila mahali. Jeni zinaweza kulinganishwa na kitabu cha mapishi kilichomo katika kila jiko: kitabu ni kimoja, ila kila mpishi ameweka alama kwenye kurasa anazozitumia na kuzibana zile asizozihitaji. Baadhi ya alama hizo ni vijisehemu vya kemikali viitwavyo methili, ambavyo hunata kwenye DNA bila kubadilisha maandishi yake. Alama nyingi huwekwa siku za mwanzo kabisa za mimba, na utengenezaji wa methili hutegemea foleti na virutubishi vingine. Mwaka 2008, watafiti wa Uholanzi na Marekani waliwapima watu 60 waliotungwa mimba wakati wa njaa na kuwalinganisha na ndugu zao wa jinsia ileile ambao hawakukumbwa nayo. Miaka 60 baadaye, alama za methili kwenye jeni iitwayo IGF2, inayohusika na ukuaji, zilikuwa pungufu miongoni mwa wale wa kwanza.

Maelezo ya tatu yanahusu homoni za dhiki. Mtu mwenye njaa, baridi na hofu ya mabomu hutoa kwa wingi homoni ya kotisoli. Kondo la nyuma huwa na kimeng'enya kinachoivunja makali homoni hiyo isimfikie mtoto, lakini kinga hiyo ina kikomo.

Mipaka ya Ushahidi

Si busara kuyapokea matokeo haya bila kuyapima. Katika kipindi cha njaa wanawake wengi waliacha kupata hedhi na idadi ya mimba ilipungua sana. Waliofaulu kushika mimba huenda walikuwa tofauti na wengine tangu awali. Isitoshe, alama za epijenetiki zilipimwa katika damu, wala si katika ubongo. Kwa hiyo haziwezi kutajwa kuwa ndizo chanzo cha skizofrenia. Aidha, utafiti kuhusu mzingiro wa Leningrad nchini Urusi, uliochapishwa mwaka 1997, haukuona athari za sukari zilizoonekana Uholanzi. Baadhi ya wataalamu hueleza kuwa watoto wa Leningrad walizaliwa katika uhaba na kukulia katika uhaba, ilhali wale wa Uholanzi, ambao miili yao ilijiandaa kwa uhaba, walikutana ghafla na neema.

Jambo kuu zaidi ni maana ya tarakimu zenyewe. Uwezekano wa asilimia 2.15 unamaanisha kuwa katika kila watu 100 waliokumbwa na njaa ile ya China, takriban 98 hawakuugua skizofrenia. Njaa huongeza hatari. Haiandiki ajali ya mtu.

Nafasi ya Matokeo Haya Nchini Kenya

Matokeo haya hayaihusu Ulaya pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwachunguza watoto wa Wasamburu waliokuwa tumboni wakati wa ukame mkali wa 2008 na 2009, wakilinganishwa na ndugu zao. Ulihusisha ukame huo na tofauti katika alama za epijenetiki zinazotumiwa kukadiria umri wa kibiolojia. Basi mgao wa chakula wakati wa ukame si suala la kuokoa maisha ya leo tu. Mjamzito anapoachwa nyuma, gharama yake huenda ikalipwa na kizazi kijacho.

Kuhusu foleti, tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe virutubishi, foleti ikiwemo. Hata hivyo, familia nyingi za mashambani hupeleka mahindi yao kwenye posho mili, ambako kwa kawaida hakuna kinachoongezwa. Vilevile, mama anayeanza kumeza vidonge vya foleti kliniki mimba ikiwa na miezi minne huwa amechelewa kuukinga mrija uliokwisha kufunga, ingawa vidonge hivyo bado vinamfaa kwa kuongeza damu. Ndiyo maana wataalamu husisitiza lishe bora kabla ya mimba kutungwa.

Lipo pia suala la lawama. Katika jamii nyingi, maradhi ya akili yamenasibishwa na mapepo, uchawi, laana, au mama aliyekiuka miiko ya uja uzito. Itakuwa hasara kubwa iwapo sayansi itatumiwa kumpa mama huyo lawama mpya badala ya ile ya zamani. Wanawake wa Amsterdam hawakuchagua kula vitunguu vya tulipu. Waliofunga njia za chakula ni wengine.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa njaa ya miezi michache iliacha alama zilizosomeka miaka 60 baadaye, kwamba wakati njaa inapomkuta mtoto tumboni ni muhimu sawa na ukali wake, na kwamba ugonjwa wa akili, kama ugonjwa wa moyo, una mizizi katika mwili. Anayeugua skizofrenia anastahili kupelekwa hospitalini kama anavyopelekwa mwenye kisukari, na mamaye anastahili kusaidiwa, si kusimangwa. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini anayemlea mama mjamzito naye tayari anamlea mwana, na ulezi huo ni wa jamii nzima.